Tumbo na Mgongo

Novemba 12
Sista Tiyanjane wa wodi ya dripu ndiye aliyenipa daftari hili. Amesema niandike siku ya homa, siku ya kutapika na siku ya kushindwa kula, ili nikirudi hospitali nisiseme tu kwamba nilikuwa najisikia vibaya. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka. Dripu nne za saratani ya titi zimekwisha, zimebaki mbili, halafu kisu. Leo sijatapika.

Novemba 15
Mvua ya kwanza ya maana. Imenyesha tangu alfajiri na ukungu umeufunika mlima wote. Wiki ijayo chai itachipuka na nyapara Majawa ataanza kupiga kelele.

Novemba 21
Nimechuma nusu siku. Mkono wa kushoto unachoka upesi kwa sababu ya mishipa iliyoungua na dripu. Majawa alisimama kwenye mstari wangu akaniangalia kichwa.
"NyaGondwe, nywele zimekwenda wapi?"
"Zimetangulia nyumbani kaskazini."
"Na wewe unazifuata lini?"
Wachumaji wakacheka. Mimi pia nikacheka, ila swali nililisikia. Nina miaka kumi na tisa kwenye shamba hili. Nilikuja na mume, mume akaondoka, mimi nikabaki na kikapu. Chumba ninacholala ni cha mchumaji. Asiyechuma hana chumba, na mwenye namba isiyopeleka majani kwenye mizani miezi miwili anafutwa.

Novemba 30
Dripu ya tano. Nimetapika mara tatu. Homa hakuna.

Desemba 9
Leo nimeonana na wapasuaji. Ni wawili. Mama Dokta Kachingwe ndiye atakayekata. Dokta Aksel, Mnorwei, mrefu mpaka anainama mlangoni, ndiye atakayefunika. Anasema Kichewa cha kitabuni, kila neno kama limepigwa pasi.

Uvimbe ulikuwa kama ngumi, sasa ni kama yai la kuku. Lakini ngozi iliyo juu yake imekuwa nene, ina vitobo kama ganda la chungwa, na hiyo yote lazima iende pamoja na titi lote la kushoto. Mama Dokta alinionyesha kwa shuka. Akakunja katikati, akasema hapa ndipo tutakapokata, sasa vuta kingo zikutane. Nikavuta. Hazikukutana.
"Umeona? Kukata si kazi. Kazi ni kufunga," akasema.

Kidonda kisipofungwa vizuri hakitapona kwa wakati. Kisipopona kwa wakati, mionzi haitaanza, na bila mionzi ugonjwa unaweza kurudi palepale. Siku yangu ya mashine ni tarehe 18 Machi. Foleni ya mashine ni ndefu, ukiikosa zamu yako unarudi nyuma kabisa.

Sista Tiyanjane alikuwa ametoka kufuata faili la mtu mwingine. Dokta Aksel akanigeuza, akanigusa mgongo chini ya bega, akaniuliza kama bado nabereka. Nikacheka. Nina miaka arobaini na saba.
"Nimemaliza, dokta. Wanne wamenitosha."
"Vizuri sana," akasema, akaandika.
Halafu akachukua kalamu ya wino wa zambarau akanichora mgongoni. Sikuuliza kwa nini titi lichorewe mgongoni. Wao wana shule.

Desemba 10
Esnati ameuona mchoro nilipokuwa naoga nyuma ya nyumba. Esnati ni Mlomwe, mzaliwa wa hapahapa. Tunagawana ukuta na jiko.
"We dada, wamekuchora jani la chai mgongoni!"
"Jani?"
"Jani kabisa, na ncha zake mbili. Wanaogopa usije ukapotea hospitalini. Mwenye kukuokota akurudishe shambani."
Alicheka mpaka akamwaga maji yangu. Baadaye akauliza, bila kucheka, ukienda kukatwa chumba chako kinabaki na nani. Dada wa mumewe anatafuta chumba tangu Septemba.

Desemba 11
Nimechuma siku nzima. Jioni Esnati akaniambia jani limefutika, imebaki ncha ya juu tu. Nikachukua kikapu nikakiangalia. Wino wa zambarau umeshika kwenye ukingo, pale kinapokalia mgongo.
Nimeelewa sasa wanataka kukata wapi.

Desemba 17
Dripu ya mwisho. Nikamwuliza Sista Tiyanjane kwa nini mgongo. Akafungua faili. Mpango ni kukata ngozi ya mgongo pamoja na msuli wake mkubwa, kuupitisha chini ya kwapa ukiwa bado umeshikamana na mshipa wa damu, kuuleta mbele na kufunika shimo. Nyama yake itatoa hata umbo kidogo, kama titi.
"Lakini mgongo wangu nina kazi nao," nikasema.
"Kazi gani? Hapa pameandikwa habebi kitu mgongoni."
"Nani kasema?"
"Wewe."
"Mimi? Mchuma chai?"
Akasoma tena. Kwanza akaniangalia, halafu akashika ukuta akacheka kama mwendawazimu. Kwetu kaskazini kuzaa kuna neno lake na kubeba mgongoni kuna neno lake. Hawa wa kusini wana neno moja tu kwa yote mawili, kubereka, na wanajua kutokana na mazungumzo unasema lipi. Mnorwei aliniuliza kama nabeba mgongoni. Mimi wa kaskazini nikamjibu kuhusu kuzaa. Kichewa kilikuwa cha watu wengine, sisi wawili tukagongana ndani yake.

Sista alipoacha kucheka nikamwuliza huo msuli ukiondoka nini kinabaki. Akasema wengi wanaishi vizuri, wanapika, wanafua. Nguvu ya kuvuta na kujiinua kwa mkono inapungua. Na mshono mrefu utakuwa mgongoni.
"Hao wengi wanabeba kikapu cha majani tangu saa kumi na mbili asubuhi?"
"Hao walikuwa walimu na wauza duka," akasema. "Nimwambie dokta?"
"Subiri kwanza."
Nilisema subiri kwa sababu nimeuliza njia nyingine. Wanaweza kuchuna ngozi nyembamba ya paja na kuibandika. Hiyo ni kama karatasi. Inaweza isishike, na ikishika mionzi inaweza kuichoma ikawa kidonda tena. Ngozi ya mgongo ni nene na ina damu yake. Kwa hiyo nikinyamaza nafungwa vizuri na kikapu kinaniacha. Nikisema, mgongo unabaki na kifua hakijulikani.

Desemba 25
Krismasi. Wali na kuku kwa Esnati. Nimekula paja zima. Mvua.

Desemba 29
Tumegombana. Nilimweleza Esnati yote tukiwa tunapepeta mbaazi.
"Wape huo mgongo!" akasema. "Unabembeleza mgongo kama mwanamke anavyobembeleza mume mlevi. Utazikwa na mgongo mzuri, sisi tutasimama pale tunausifia."
"Na nikipona nile nini?"
"Utajua ukishapona."
"Nikishapona nitakuwa nimelala wapi? Kwa nani? Wewe si tayari una mtu wa chumba changu?"
Akaacha kupepeta. Akachukua ungo wake akaingia ndani. Mbaazi zangu akaniachia chini, zikalowa.

Januari 2
Esnati hanisemeshi. Nachuma. Homa hakuna.

Januari 4
Nachuma. Esnati hanisemeshi. Nimehesabu mara ngapi mkono wa kushoto unavuta kwenda nyuma kwa siku moja, kutupa majani kikapuni. Nilipofika mia nne nikaacha.

Januari 6
Nimekwenda hospitali na kikapu.

Nilipanda lori la kampuni mbele, kikapu magotini. Mlinzi wa getini akaniambia, "Mama, hapa hatununui majani." Nikamwambia hakina majani, kina maelezo. Akaniacha nipite.

Kwenye chumba cha wapasuaji nilivua nguo ya juu, nikavaa kikapu juu ya ngozi tupu, nikageuka. Niliona aibu kidogo, lakini si nyingi. Wameshaniona vibaya zaidi ya hapo.
"Dokta Aksel," nikasema, "uliniuliza kama bado nabereka. Nabereka hiki."

Sista Tiyanjane akaeleza. Dokta Aksel uso ukawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema kwa Kichewa chake, "Neno hilo nilijifunza wiki ya kwanza nilipofika."
"Ulijifunza nusu yake," Mama Dokta Kachingwe akamwambia. "Nusu nyingine ndiyo hii imesimama hapa."

Niliogopa atakasirika. Hakukasirika. Alinizunguka mara mbili. Akashika kamba ya kikapu, akaniambia nitupe majani. Nikatupa majani yasiyokuwepo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na yeye ameweka kiganja mgongoni anasikiliza msuli. Akanivua kikapu, akapapasa sugu iliyoko chini ya bega. Akamwonyesha mwenzake. Wakaongea Kiingereza, haraka. Hakuna aliyeniambia nina akili wala sina.

Halafu Mama Dokta akaniambia nilale chali. Akaishika ngozi ya tumbo langu kwa mikono miwili, akaivuta kwenda juu. Ikaenda. Akaivuta zaidi.
"Na hii yote ni nini?" akauliza.
"Ni watoto wanne, dokta. Wa mwisho alikuwa na kilo nne na nusu."
"Mungu awabariki," akasema. "Aksel, njoo uone."

Sasa mpango ni huu. Watailegeza ngozi ya tumbo kutoka chini yake, bila kuikata ikaachana na mwili, waipandishe mpaka ifunike shimo. Ni nene, ina damu yake, mionzi itaivumilia. Msuli hawaugusi. Hasara zake walinitajia bila kuficha. Wiki kadhaa nitatembea nimeinama kama bibi mwenye fimbo. Kitovu kitapanda. Ukingo wa mbali unaweza kukosa damu ukafa, na ukifa, kidonda kitachelewa, na tarehe 18 Machi haitusubiri. Na umbo la titi halitakuwepo. Upande huo utakuwa bapa.

Dokta Aksel aliuliza hilo la mwisho mara mbili, polepole, sasa anaogopa maneno. Alitaka kunipa umbo. Nadhani ndiyo sehemu ya kazi anayoipenda.
"Bapa ni sawa," nikasema.
"Mgongo utabaki pale," akasema. "Siku ukitaka titi, ukiwa umestaafu, tutakuwa tunajua lilipo."

Akanichora tena, mbele, kutoka kifuani mpaka kiunoni. Safari hii aliuliza kila mstari.

Januari 12
Nimekwenda kulazwa. Esnati alisimama mlangoni kwake na mikono kwenye khanga. Nikasema naenda. Akasema nenda.

Januari 14
Nimekatwa jana. Naandika nimelala. Mirija miwili kutoka kidondani, chupa mbili. Maji mekundu.

Januari 16
Chupa ya kwanza mililita 140, ya pili 90. Nimesimama. Naona vidole vyangu vya miguu tu.

Januari 20
Chupa ya kwanza 60, ya pili 30. Leo wamefungua bandeji nikaangalia. Nilidhani nitalia. Ni kama shamba lililong'olewa miche ya zamani. Panaonekana pakubwa. Mshono unatoka kwapani mpaka karibu na mfupa wa katikati. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliniuliza panaumaje. Nikamwambia ngozi ya tumbo haijazoea kukaa juu, inataka kurudi nyumbani.

Januari 27
Ukingo karibu na mfupa umekuwa mweusi. Mdogo, kama kucha ya kidole gumba. Dokta Aksel alikuja mara mbili.

Januari 30
Weusi umekuwa kama kucha mbili.

Februari 3
Wameukata ule weusi. Limebaki shimo ambalo kifuniko cha soda kinaweza kukaa ndani. Wanaweka asali na shashi. Sista amenipa kipande cha uzi wa kushonea, amefunga fundo kwenye upana wa shimo. Kila siku napima. Shimo likipungua nasogeza fundo.
"Tarehe 15 Machi likiwa bado wazi," akasema, "zamu ya mashine anapewa mwingine."
"Na nyuma yangu wako wangapi?"
"Usiulize hivyo."
Nikamwuliza Dokta Aksel, alipopita, kama ule wa mgongo ungekufa ukingo. Akasema pengine usingekufa. Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nilichagua mwenyewe.

Februari 7
Fundo halijasogea.

Februari 8
Halijasogea.

Februari 10
Wameniruhusu. Kitanda kinahitajika. Nimerudi na asali chupa mbili na uzi mfukoni. Nimetembea kutoka barabarani nimeinama, watoto wa laini, safu zetu za nyumba za wachumaji, wakanisalimia shikamoo bibi. Mvua haijakoma. Paa linavuja upande wa kichwa, nimehamisha mkeka.

Nilipofika nilikuta mlango wangu umefungwa kwa kufuli ambalo si langu. Nikajua basi. Nikakaa kizingitini. Saa kumi Esnati akaja kutoka shambani, amelowa mpaka mifupa, na mgongoni ana vikapu viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha ndani ni changu.
"Kufuli la nani hili?" nikauliza.
"Langu. Lako mtoto angelifungua kwa mswaki."
"Na wifi yako?"
"Wifi yangu amepata chumba laini ya chini tangu Krismasi. Ungeniuliza ungejua. Lakini wewe unapenda kujibu maswali ambayo hujaulizwa, hata hospitalini."
Akafungua. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Amekuwa akichuma mistari yake, halafu saa sita anahamia kwenye mistari yangu, anapeleka mizani kikapu kimoja kwa namba yake na kimoja kwa yangu.
"Majawa anasemaje?"
"Majawa anajua kusoma namba. Uso hasomi. Hivyo ndivyo alivyoniambia."
Miaka yote hii nilimwona Majawa ni mtu wa kelele tu. Kuhusu Esnati sitaandika niliyoyafikiri tangu Desemba. Nayajua.

Februari 11
Esnati amenisafisha kidonda. Ana mkono mwepesi. Fundo halijasogea.

Februari 16
Limesogea. Upana wa punje ya mchele.

Februari 17
Mvua. Halijasogea.

Februari 22
Limesogea punje moja. Nakula mayai, Sista alisema mayai. Esnati anadai kuku wake wanamwangalia vibaya.

Machi 1
Sasa ni tundu la kifungo cha shati. Nimenyooka kidogo, naweza kuona usawa wa dirisha.

Machi 5
Homa usiku. Kidonda kinanuka kidogo. Esnati alitaka kunipeleka alfajiri kwa lori. Nikaenda. Wamesafisha, wamenipa vidonge. Dokta Aksel akapima kwa uzi wangu, si kwa rula yake.

Machi 6
Fundo limerudi nyuma punje moja.

Machi 7
Homa hakuna. Sikupima. Niliogopa.

Machi 9
Esnati alipima yeye. "Lala, geuza uso." Akachukua muda. "Limesogea," akasema. Sikuamini, nikaangalia. Ni kweli.

Machi 12
Kichwa cha kiberiti.

Machi 13
Mvua imekata leo mchana, jua limetoka, chai yote inang'aa. Uzi hauna cha kupima.

Machi 15
Mama Dokta Kachingwe amebonyeza kila mahali kwa kidole. Akamwita Dokta Aksel, naye akabonyeza. Wakanipa karatasi ya mashine. Dokta Aksel akaomba anione nikiinua mikono. Nikainua wa kushoto mpaka usawa wa sikio. Akaniambia niuvute kwenda nyuma, kama natupa majani. Nikavuta. Akaweka kiganja mgongoni tena.
"Bado upo," akasema.
Akauliza nitarudi lini shambani. Sista akamjibu kabla yangu, si kabla ya Julai, na aanze na kikapu kitupu.

Machi 16
Esnati amekishona kikapu changu mahali palipokuwa pamefumuka. Amekitundika ukutani kwangu, juu, nisikifikie.

Machi 18
Nimefika kwenye mashine. Chumba ni baridi, watu wengi wamekaa kwenye mabenchi na karatasi kama yangu. Karani ni mwanamke mwenye miwani, wa kusini kwa mazungumzo yake. Akauliza jina, kijiji, umri, yote bila kuinua kichwa. Halafu akauliza, "Amayi, bado unabereka?"
"Kwa tumbo au kwa mgongo?" nikamwuliza.
Akainua kichwa. "Kuna tofauti?"
"Ipo. Kwa tumbo nimemaliza," nikamwambia. "Kwa mgongo, bado."